Ukigusa, Umevuta Kiti

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiamini karatasi hii itakukuta unakula na unalala kama mtu. Sisi huku hatujambo. Naona bado naandika "sisi", kalamu haijazoea. Mimi huku sijambo, ila mguu wa kulia unavimba nikishinda kwenye cherehani.

Kwenye simu tunaulizana hali tu, halafu inakata. Hili linataka karatasi, maana ni jambo la ile meza.

Tangu tumzike shemeji yako, meza yangu ya kukatia nguo bado imelaliwa na kile kitambaa chake cha mchezo, chenye mashamba na mto na vile viwanja vya kutua ndege pembeni. Jirani yangu mshona mikoba ananicheka, anasema mimi ndiye fundi pekee anayekata magauni ya watu kitandani. Na kweli, juzi nimekata mkono wa gauni pamoja na shuka.

Juu ya kitambaa zimebaki ndege mbili za kuchezea, kila moja juu ya waya wake wenye shanga za kupimia kimo, ya kwake ya njano na ya kwako ya rangi ya fedha. Zile mlizoangushana zote ziko droo ya chini, zimeng'olewa propela kama mlivyopatana. Na kwenye rafu iko moja aliyoiacha njiani: mbao tupu, haina rangi, haina rubani, magurudumu yake ni vifungo alivyoniibia kwenye kopo langu. Alikuwa akiniibia hadi uzi. Zile nyaya zote kati ya bawa la juu na la chini ni uzi wangu wa kudarizia.

Sasa nataka kuzifunga nikutumie, lakini sijui nizishikeje. Sijawahi kuzigusa hata siku moja, unajua. Vumbi nalipuliza kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji. Maana yule bwana alikuwa kila akiniona na kitambaa cha kufutia ananiambia, "Ukigusa, umevuta kiti. Karibu ucheze." Ilikuwa mzaha wake, lakini mimi nikaushika kama amri.

Kiti chake nimekiwekea kapu la mabaki ya nguo, ili kisionekane kitupu sana.

Nieleze basi nizifunge vipi.

Ni mimi dada yako.


22 Machi

Dada yangu,

Salamu kwako, na pole kwa mguu. Uuweke kwenye maji ya chumvi, halafu ukae kweli, sio ukae huku unashona. Mimi niko salama, nina kikohozi kidogo tu cha huku kazini. Chumba cha kufulia cha hoteli hii kina mvuke, na ukitoka nje unakutana na baridi, basi kifua kinachanganyikiwa.

Dada, nakuomba usizifunge. Mimi nakuja mwisho wa mwaka, nitakaa kwenye meza hiyo nimalize mchezo kwa heshima, kisha ndipo tufunge. Mimi na Shemeji tumecheza kwa barua miaka yote hii, yeye na meza yake, mimi na yangu, kitambaa kile kile, ndege zile zile, hoja moja ya kusogeza ndege kila barua. Huku chumbani kwangu meza ni ubao juu ya sanduku, lakini kila ndege iko pale pale ilipo ya kwenu. Ukizifunga, ni kama umekata maneno yake katikati.

Watu walimwita Rubani kwa kumcheka, maana hata ngazi ndefu alikuwa haipandi. Lakini mimi aliniambia kwa nini anapenda ndege za miaka ile tu, baina ya vita vikuu viwili. Alisema rubani wa enzi hizo alikuwa kichwa nje, anapigwa na upepo, na anayemfukuza anamwona uso. Ndiyo maana kabla hajanifukuza alikuwa anaandika, "Nimekuinamishia bawa." Hiyo ilikuwa salamu yake.

Hiyo ya mbao aliniandikia habari zake. Alisema anajenga ya tatu. Kwa kanuni zetu, anayefukuzwa hawezi kutua mpaka wa tatu aingie katikati yake na mfukuzaji. Wa tatu akiingia, yule wa mbele anatua salama na mchezo wake umeisha. Wa tatu ndiye anabaki kuruka na mfukuzaji. Sikuelewa anamjengea nani, maana tulikuwa wawili tu.

Basi leo nimecheza zamu yangu, ilikuwa inaningoja. Nimeongeza ushanga chini ya ndege yangu, nimepanda juu kidogo, na nimeigeuza kuelekea mtoni. Shemeji hayupo wa kujibu, najua. Nimecheza tu ili mkono usisahau. Wewe usihangaike kugusa.

Mdogo wako.


9 Aprili

Mdogo wangu,

Amani iwe nawe. Umeniambia kikohozi kidogo, na mimi nakujua, kidogo chako ni kikubwa cha watu wengine. Tafuta tangawizi.

Sasa keti chini. Barua yako imenifikia leo asubuhi. Lakini ndege yako ilipanda ushanga mmoja zaidi ya wiki mbili zilizopita. Niliona nilipokuja kupuliza vumbi, siku ile ile uliyoandika. Shanga za akiba zimo kwenye kisosi pembeni, na kisosi kilipungua. Ndege yenyewe pua imegeukia mtoni.

Nikamuuliza jirani kama aliingia nilipokwenda sokoni. Akaniambia, "Mimi nicheze na midoli ya marehemu? Nimekosa kazi?" Nikamwamini. Madirisha yana nondo, paka hatuna.

Nikasema ni macho, ni huzuni, nitakemea na litapita. Juzi nikakuta na ile ya njano imegeuka. Iko nyuma ya yako. Na mdogo wangu, bawa lake moja limeinama. Waya uliosimamisha ndege haujapinda, kitambaa hakijakunjamana, ni ndege yenyewe imelala upande kidogo, kama mtu anayekuinamia kichwa barabarani.

Nilimwita mchungaji. Alikuja na kitabu chake, akasali vizuri sana, nikatulia. Kisha akavaa miwani akainama akazitazama, akaniuliza, "Mama, hizi za mabawa mawili, la juu na la chini, lipi linalobeba?" Nikamwambia mimi ni fundi nguo. Akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyosali. Alipoondoka aliniambia hakuona ubaya wowote, ila chumba kina upepo. Na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Niambie, huko kwako ya njano iko wapi?

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Nimekusalimu sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa kama ulivyosema.

Ya njano huku iko nyuma ya yangu, na bawa limeinama.

Mwanzoni nilijiambia ni malori yanayopita barabarani, yanatikisa nyumba. Lakini lori halichukui ushanga kwenye kisosi likauvika kwenye waya. Nikajaribu. Nilipiga kona kali kulia, ile kona Shemeji aliyokuwa ananicheka nayo, anasema nageuka kama bibi kizee aliyesahau ufunguo. Niliporudi kutoka kazini, ya njano ilikuwa imekata kona ile ile, karibu zaidi.

Nikuambie ukweli? Sikuogopa, nilifurahi. Huku watu wanasalimiana na simu zao. Siku zangu ni mashuka meupe, na kurudi, na kulala. Sasa nina kitu cha kuwahi nyumbani. Nafungua mlango natazama meza kwanza kabla sijavua viatu, naona ameshajibu. Ni kama barua zake zimerudi.

Kikohozi bado kipo. Suruali zimekuwa kubwa, nimetoboa mkanda tundu jipya. Msimamizi wangu ananiambia nimekuwa mwepesi, nikipigwa na mvuke nitapaa. Nikamwambia ndiyo kazi yetu nyumbani.

Usinihofie.

Mdogo wako.


18 Mei

Mdogo wangu, mtoto niliyekubeba mgongoni,

Bwana akushike mkono. Leo sina salamu ndefu.

Acha kucheza. Nakusihi, acha.

Ndege yako inashuka. Tangu barua yako ifike naona kila mara shanga zimepungua, na za ile ya njano ziko vile vile. Nikipata habari kwamba umekohoa damu, nikitazama nyuma naona ushanga ulitoka siku hiyo. Ndiyo, damu najua. Msimamizi wako alipokea simu yako nilipopiga, akadhani unanieleza kila kitu, akanieleza yeye.

Nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe kwa ninalolifikiri, kwa sababu yule bwana alikuwa mwema. Hajanipandishia sauti maisha yake yote. Alikuwa akichelewa kwa wateja wake akiwatengenezea cherehani mbovu, alikuwa akirudi analeta kifungo kilichookotwa njiani, ananiambia, "Hiki nimekiona nikakufikiria." Lakini siku yake ya mwisho alifumbua macho akasema, "Mchezo haujaisha," basi. Nikachukulia ni ujumbe wako. Nikaona vizuri, anakupenda hadi mwisho. Sasa napita karibu na meza na roho inaniambia mtu aliyezoea kucheza na mwenzake hawezi kukaa huko peke yake.

Mdogo wangu, tua. Weka ndege yako kwenye uwanja wa pembeni, umalize, uende hospitali. Kama amekuja kukuchukua, mwambie dada yangu hajaniruhusu.

Na ukishatua niandikie upesi, maana huku nashona mikono ya nguo mara mbili upande mmoja.

Dada yako.


11 Juni

Dada,

Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema maneno. Usiogope mwandiko. Yeye anakusalimu pia, anasema mgonjwa wake anaongea kuliko anavyokula.

Nimelazwa. Mapafu yamejaa maji, wanayatoa. Wanasema dawa zilitakiwa kufanya kazi na wanashangaa kwa nini zinakawia.

Nilitua kama ulivyoniambia. Asubuhi ile kabla hawajanileta, niliishika ndege yangu nikaiweka kwenye uwanja. Mama mwenye nyumba amekuja kuniona hapa, nikamwomba aangalie meza yangu, kwa kuwa ana ufunguo. Amerudi na jibu. Amesema ya fedha iko juu ya mto, imebaki na ushanga mmoja, na ile ya njano iko nyuma yake karibu sana kiasi kwamba bawa linagusa mkia. Anasema hakugusa chochote, tena anasema nikipona nitafute michezo mingine.

Nilijua. Kanuni ni yetu wenyewe, dada. Anayefukuzwa hatui mpaka wa tatu aingie kati. Na sisi tulikuwa wawili.

Usije ukasema ni kosa lako, wala lake. Nikilala namsikia, sauti ya mbali kama cherehani inayokanyagwa chumba cha pili. Haitishi.

Nimechoka kusema, muuguzi amechoka kuandika. Niombee.

Mdogo wako.


29 Juni

Mdogo wangu,

Amani, na uzima, na nguvu zirudi mwilini mwako. Najua tayari zimerudi. Nitakueleza ninavyojua.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilikwenda ibada, nimejifunga kitambaa changu cha samawati, kile unachosema kinanifanya nionekane kama mhudumu wa meli. Niliimba. Nilirudi nikafungua mapazia yote, jua likaingia mpaka chini ya meza. Sikutaka kufanya jambo hili kwa kujificha.

Nilitoa kapu kwenye kiti chake. Nikanawa mikono, usiniulize kwa nini. Nikachukua ile ya mbao kwenye rafu. Ni nyepesi, mdogo wangu. Miaka yote nilidhani zina uzito, kumbe ni kama kushika kifaranga. Nikaivika shanga, nikaisimamisha katikati, nyuma ya yako, mbele ya ile ya njano. Palikuwa padogo, lakini iliingia kana kwamba nafasi ilipimwa. Halafu nikaishika yako kwa vidole viwili nikaiweka uwanjani, chini kabisa, magurudumu juu ya kitambaa. Nikavuta kiti, nikakaa.

Nilitegemea kuogopa. Nilikaa nikisoma zaburi kwa kichwa, na ndege yako haikuondoka uwanjani. Nikakaa mpaka chai ikapoa. Nilikwenda jikoni kuipasha, na niliporudi ile ya mbao ilikuwa na rubani.

Unakumbuka alivyokuwa akitengeneza marubani wake, kwa vichwa vya pini zangu? Huyu ni pini pia. Kichwa cha samawati. Mimi pini hizo nilikuwa nazo sita na nimezihesabu kopo zima, ziko tano.

Hapo nikaelewa, na nikacheka peke yangu kama mwehu, maana yule bwana alikuwa hivyo hivyo akiwa hai. Hawezi kuniambia twende mahali. Atazunguka, atasema barabara ya huko imetengenezwa vizuri, atasema fulani naye anakwenda, mpaka mimi ndiyo niseme haya twende. Siku ile ya mwisho alisema mchezo haujaisha huku ananitazama mimi. Ni mimi niliyegeuka kutafuta anamwambia nani.

Hakukutaka wewe, mdogo wangu. Alikukaribia ili nione. Nimemgombeza kwa hilo, nimemwambia njia gani hiyo ya kumwita mtu, unataka kuniulia mtoto? Niligomba kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipomaliza nilitazama, na ile ya njano imeinamisha bawa lote, hadi karibu kugusa mto. Sijamwona mtu anayeomba radhi vile.

Tangu jana kuna upepo chumbani. Kitambaa changu cha kichwa kinavutika nyuma, na karatasi hii haitikisiki. Nasikia ile sauti uliyoisema, ila mimi ni fundi, najua si cherehani.

Magauni ya watu yote nimemaliza, nimeyaning'iniza na majina. Ufunguo nitauacha pale unapopajua. Ukiwa na nguvu, kula. Toka kwenye huo mvuke, tafuta kazi ya jua. Mguu umeacha kuvimba, ni ajabu, najisikia mwepesi.

Bwana anajua kila anayeruka na kila anayetua.

Ni mimi dada yako, nakupenda.


20 Julai

Dada yangu,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, ona mwandiko. Nimetoka hospitali. Homa iliniacha Jumapili ile mchana, ilishuka kwa ghafla hadi muuguzi akabadilisha kipimo akidhani kimekufa. Kesho yake nilikula sahani mbili. Wameniruhusu, wanasema dawa hatimaye zimeamka.

Barua yako nimeikuta mlangoni. Niliisoma kabla sijatazama meza.

Ndege yangu iko uwanjani, imetua. Ya njano iko juu, mbali na mto. Na kando yake, bega kwa bega, iko nyingine. Dada, mimi hiyo ya tatu sikuwa nayo kamwe. Ilikuwa kwenye rafu yako. Iko hapa juu ya ubao wangu, mbao tupu, na magurudumu yake ni vifungo vya shati langu la shule, lile ulilolifumua ukanishonea jipya. Ndani amekaa pini ya samawati.

Hazifukuzani. Kila nikigeuka zimesogea, zinakwenda pamoja kuelekea ukingo wa kitambaa, kule ambako hatukuwahi kuchora kitu.

Sitacheza. Ila nijibu. Niandikie hata mstari mmoja, unigombeze hata kwa kosa ambalo sijafanya. Mwambie Shemeji nimeshatua, anayo sababu gani ya kwenda haraka hivyo.

Mdogo wako.


6 Agosti

Dada,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta. Sijui niandike itakukuta vipi.

Simu yako inaita mpaka inakata. Nimempata jirani yako. Amesema mlango umefungwa kwa ndani, anabisha hodi huitiki, lakini hakuhangaika kwa sababu anakusikia ndani kutwa unaendesha cherehani. Anasema umepata kazi kubwa, maana mashine haipumziki hata kwa chakula. Nikamwambia avunje mlango. Akaniuliza, "Nivunje mlango na mwenyewe namsikia anacheka?" Nikamuuliza anacheka na nani. Akasema hilo ndilo linalomfanya asivunje.

Nimekata tiketi, kesho nasafiri. Nitafika kabla ya barua hii, najua, lakini sisi hoja zetu ni za barua, na sikutaka nije bila kucheza.

Leo asubuhi kitambaa kilikuwa kitupu. Imebaki yangu tu, uwanjani. Pale kwenye ukingo, mahali zilipotokomea, kitambaa kimekunjamana kidogo, kama kimepulizwa na mtu kwa mdomo, vumbi lote limeondoka.

Nimeishika ndege yangu, nikaiinamisha bawa.

Mdogo wako.